Mtoto Aliyechelewa Kukua na Haki Zake: Mafunzo Kutoka Historia na Fiqhi

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, Mwenye kuwaumba waja Wake matumboni mwa mama zao namna Atakavyo. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Masahaba zake wote. Ama baad.

Imamu aliyekaa na watu kwa muda anaijua hali hii. Baada ya sala, mama anasubiri barazani mwa msikiti na mtoto begani. Mtoto ana mwaka na nusu, lakini shingo haijakaza. Hakai wala hatambai, anameza kwa tabu, na degedege humjia mara kwa mara. Hospitali wamesema ana mtindio wa ubongo, wakampa dawa za kila siku na kumpangia mazoezi ya viungo. Baba alianza kwa kupunguza kuja nyumbani, kisha akaacha kabisa. Majirani nao wana maneno yao. Wengine wanasema mtoto amebadilishwa na jini, wengine wanasema mama analipwa kwa madhambi yake. Mama huyu hakuja kuomba nauli. Amekuja kuuliza: mtoto huyu ana haki gani, na nani anayedaiwa haki hiyo?

Katika makala haya tunataka kulijibu swali hilo kwa kurudi nyuma, tuangalie waliotutangulia walimtazama vipi mtoto mdhaifu, na mafakihi wetu walimwandikia nini. Tutaona kwamba sheria yetu ilimpa mtoto haki zake kwa sababu ya haja aliyonayo, bila ya kungoja aonyeshe kuwa atafaa kitu baadaye. Na tutaona kwamba mzigo wake haukuwekwa juu ya mama peke yake.

Usiku mmoja Madina

Tuanze na kisa alichokipokea Ibn Saad (aliyefariki mwaka 230 H/845) katika Tabaqat yake. Sayyidna Umar bin al-Khattab (r.a.), aliyekuwa Khalifa kuanzia mwaka 13 H/634 hadi 23 H/644, alikuwa ameanzisha Diwani, yaani daftari la posho za Waislamu kutoka Baitul Mali. Wanahistoria wametofautiana juu ya mwaka wake, wengine wakisema mwaka 15 Hijria na wengine mwaka 20. Katika utaratibu wa mwanzo, mtoto hakuandikiwa posho mpaka awe ameachishwa ziwa.

Msafara wa wafanyabiashara ukaingia Madina na kupiga kambi penye uwanja wa kusalia. Sayyidna Umar akamwomba Abdurrahman bin Auf (r.a.) wakeshe pamoja kuwalinda wageni na wezi. Wakawa wanalinda na kusali. Usiku ukiendelea, Umar akasikia mtoto analia. Akamwendea mama yake akamnasihi amche Mwenyezi Mungu na amtendee wema mwanawe, kisha akarudi mahali pake. Akamsikia tena, akaenda tena kumnasihi. Mwisho wa usiku kilio kikarudi mara ya tatu. Safari hii alimkemea yule mama, akimwambia kuwa yeye ni mama mbaya, vipi mtoto asitulie usiku kucha!

Mama hakumjua anayesema naye. Akamjibu kuwa amemchosha usiku ule, na kwamba anamzoesha mtoto kuacha ziwa naye anakataa. Alipoulizwa sababu, akasema ni kwa kuwa Umar haandiki posho ila kwa mtoto aliyeachishwa. Akaulizwa umri wa mtoto, akataja miezi michache tu. Umar akamwambia asimharakishe.

Sala ya Alfajiri siku hiyo aliisalisha huku watu hawakipambanui kisomo chake kwa wingi wa kilio. Alipotoa salamu alijilaumu mwenyewe, akihofia ni watoto wangapi wa Waislamu wameangamia kwa sababu yake. Kisha akaamuru mpiga mbiu atangaze kuwa watu wasiharakishe kuwaachisha watoto ziwa, kwani sasa kila mtoto anayezaliwa katika Uislamu ataandikiwa posho. Akawaandikia hivyo wakuu wa miji. Imepokewa kuwa kiwango cha mtoto mchanga kilikuwa dirhamu 100, na akikua kikawa 200.

Ndugu msomaji, zingatia mpangilio wa kisa hiki. Sayyidna Umar, pamoja na ucha Mungu wake wote, jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kumnasihi mama, na la pili kumkemea. Ilipofika kuuliza sababu ndipo alipogundua kuwa kosa halikuwa la mama. Lilikuwa la utaratibu alioutunga yeye mwenyewe. Mama alikuwa ameelemewa, akafanya alichoweza ili chakula kipatikane. Sisi leo mara nyingi tunaishia kwenye kukemea. Tunamwona mama aliyechelewa kumpeleka mtoto kliniki, au aliyekatisha dawa za kifafa, tukasema ni mzembe. Hatuulizi nauli aliipata wapi, nani alibaki na watoto wengine, na baba yuko wapi. Umar aliuliza, na alipopata jibu hakusimama kwenye majuto. Aliibadilisha kanuni asubuhi ile ile.

Mizani ya mafakihi ni haja, wala si umri

Yale aliyoyafanya Sayyidna Umar yana asili yake katika Qur'ani. Aya ya 233 ya Suratul Baqara imepanga mambo ya mtoto anyonyaye: muda wa miaka miwili kamili kwa anayetaka kuutimiza, chakula na mavazi ya mama juu ya baba kwa wema, na katazo la mzazi yeyote kudhuriwa kwa sababu ya mtoto. Kumwachisha ziwa kabla ya muda kumewekewa sharti la kuridhiana na kushauriana kwa wazazi wawili. Na aya imemtaja mrithi kuwa naye anawajibika mfano wa hayo. Kwa hiyo tangu mwanzo jambo la mtoto mchanga limehusishwa na watu watatu: mama, baba na jamaa.

Mafakihi wakajenga juu ya msingi huo. Tutachukua zaidi kutoka madhehebu ya Imam Shafi, kwa kuwa ndiyo inayosomeshwa katika darsa nyingi za pwani yetu, na kitabu cha Minhaj cha Imam Nawawi (aliyefariki mwaka 676 H/1277) kinajulikana kwa wanafunzi wetu.

Katika Minhaj, mama analazimika kumnyonyesha mwanawe dang'a, yaani yale maziwa ya mwanzo baada ya kuzaa, kwa kuwa mafakihi waliona uhai wa mtoto hautengemai bila ya hayo. Madaktari wa leo wanasisitiza jambo hilo hilo kwa kila mtoto, na zaidi kwa aliyezaliwa dhaifu au kabla ya wakati.

Kisha tazama walivyoieleza hadhana, yaani ulezi. Imam Nawawi ameifafanua kuwa ni kumhifadhi na kumlea yule asiyeweza kujitegemea. Hakuifunga kwa umri. Kwa mtoto wa kawaida, kufikia umri wa kupambanua, ambao kwa kawaida ni miaka 7, hubadilisha hukumu, naye hupewa hiari ya kuchagua akae kwa nani pale wazazi walipoachana. Lakini asiyepambanua hubaki katika hadhana, hata kama miaka imepita na amebaleghe. Mtoto ambaye akili yake haikukua pamoja na mwili wake hafukuzwi kwenye ulezi kwa kuwa kalenda imesonga.

Vivyo hivyo katika matumizi. Mwana maskini asiyeweza kujichumia humwajibikia mzazi ikiwa ni mdogo, au ana maradhi ya kudumu yaliyomlemaza, au hana akili timamu. Sababu hizo tatu zimetajwa pamoja. Mdogo atakua na haki yake itakoma. Mwenye maradhi ya kudumu haki yake inaendelea maadamu maradhi yapo. Na kiasi cha matumizi hayo hakikuwekewa kipimo maalumu, ila ni kifaya, yaani kinachomtosha yeye kwa hali yake.

Nini kinaingia katika kifaya? Al-Khatib ash-Shirbini (aliyefariki mwaka 977 H/1570), katika sherehe yake ya Minhaj iitwayo Mughni al-Muhtaj, ameingiza humo mtumishi wa kumhudumia ikiwa anamhitaji, malipo ya tabibu na bei ya dawa. Wako wanaodhani kuwa baba akileta unga na sukari amemaliza wajibu wake, na kuwa dawa na nauli ya kliniki ni hisani. Kwa mtoto huyu hiyo si hisani. Ni deni la kila siku, sawa na chakula. Na gharama za ulezi nazo zimo juu ya yule anayewajibika na matumizi ya mtoto. Talaka haiondoi lolote katika hayo, kwa kuwa mtoto hapewi talaka.

Ikiwa baba hayupo au hana uwezo, kwa Mashafi wajibu unahamia kwa babu. Mahanafi wanauingiza kwa jamaa maharimu, na Mahanbali kwa warithi kwa kadiri ya mirathi yao, wakitegemea ile sehemu ya aya inayomtaja mrithi. Imepokewa pia kuwa Sayyidna Umar (r.a.) aliwabana jamaa wa kiumeni wa mtoto mmoja mpaka wamgharamie. Basi yule ami anayesema kuwa mtoto wa nduguye hamhusu, na aisome hukumu hii.

Hapa ipo nukta ambayo wengi wameikosa na ikawapotezea haki. Kwa Mashafi, matumizi ya jamaa yakipitwa na wakati hayageuki kuwa deni, isipokuwa kadhi awe ameyahukumu au ametoa idhini ya kukopa kwa jina la anayewajibika. Kwa hiyo mama aliyeachwa na mtoto mgonjwa asishauriwe kungoja miaka akitumaini baba atarudi na kulipa yote. Imamu amwongoze mapema afike kwa kadhi, au kwenye mahakama au ofisi inayoshughulikia haki za watoto pale alipo, ili haki iandikwe.

Makhalifa, wakfu na matabibu

Jamaa wakishindwa, Waislamu wa mwanzo hawakumwacha mtoto mdhaifu wala mtu mzima aliyelemaa. Imam Tabari (aliyefariki mwaka 310 H/923) ameandika katika Tarikh yake kuwa Khalifa Walid bin Abdul Malik (86–96 H/705–715) aliwapa posho wenye ukoma na kuwazuia wasiombe watu, na akampa kila aliyepooza mtumishi na kila kipofu mtu wa kumwongoza. Baada yake, Umar bin Abdul Aziz (99–101 H/717–720) aliagiza waandikwe vipofu, waliopooza na wenye maradhi ya kudumu katika nchi ya Sham, kisha vipofu wakapewa waongozaji, na kila wawili katika wenye maradhi wakapewa mtumishi mmoja. Tuangalie kilichotolewa. Posho ilikuwepo, lakini pamoja nayo walitoa mikono ya kusaidia. Anayelea mtoto asiyeweza kukaa anajua kuwa mara nyingine anachokihitaji zaidi ya fedha ni mtu wa kumshika mtoto kwa saa mbili ili yeye alale.

Baadaye zikaja bimaristani, hospitali zilizoendeshwa kwa wakfu. Nuruddin Zanki aliijenga ile ya Dameski mwaka 549 H/1154. Msafiri Ibn Jubair alipofika huko mwaka 580 H/1184 alieleza kuwa walikuwepo wasimamizi wenye madaftari yenye majina ya wagonjwa na gharama za dawa na chakula cha kila mmoja. Sultan Mansur Qalawun naye alianzisha ya Kairo mwaka 683 H/1284, ikawa wazi kwa wanaume na wanawake, matajiri na maskini.

Ibn Battuta, ambaye watu wa pwani wanamjua kwa kuwa alifika Mombasa na Kilwa mwaka 731 H/1331, alipita Dameski kabla ya hapo na akaeleza wingi wa wakfu zake. Humo alimwona kijana mtumwa aliyevunja sahani ya kauri ya Kichina, akaelekezwa kwa msimamizi wa wakfu wa vyombo, akapewa bei ya sahani nyingine. Kama palikuwepo mtu aliyefikiria kuweka wakfu ili kijana asipigwe kwa sababu ya sahani, sisi tunashindwaje kufikiria wakfu wa dawa za kifafa na viti vya watoto wasioweza kukaa?

Tusiipambe historia kupita kiasi. Bimaristani zilikuwa katika miji mikubwa, na mtoto wa kijijini mlezi wake alikuwa mama na majirani. Tiba nayo ilikuwa na mipaka yake. Hata hivyo matabibu wetu waliandika juu ya watoto wachanga kwa makini. Ibn al-Jazzar wa Qairawan aliandika katika karne ya 4 Hijria kitabu kizima juu ya malezi na tiba ya watoto. Abul Qasim az-Zahrawi wa Andalusia (aliyefariki karibu na mwaka 404 H/1013) alieleza ugonjwa wa kichwa kujaa maji kwa watoto wachanga. Anasimulia mtoto aliyemwona kichwa chake kikiongezeka kila siku mpaka akashindwa kukaa, kisha akafa. Kwa kuwa wale aliowaona walikufa, aliona bora aache kuupasua. Bingwa wa upasuaji wa zama zake alikiri mahali ambapo elimu yake imeishia.

Leo mlango alioukuta az-Zahrawi umefungwa umefunguliwa. Watoto wenye vichwa vilivyojaa maji wanafanyiwa upasuaji katika nchi zetu, kama katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam. Na njia ya kutumia kamera ndogo bila ya kuacha mpira mwilini iliendelezwa katika miaka ya 2000 katika hospitali ya watoto ya CURE iliyopo Mbale, Uganda. Mabedui walipomuuliza Mtume (s.a.w.) kama wajitibu, aliwaamrisha wajitibu, kama ilivyo katika hadithi ya Usama bin Sharik (r.a.) kwa Abu Daud na Tirmidhi. Basi mzazi anayemficha mtoto nyumbani au kuzunguka naye kwa waganga wa ramli huku kichwa kinaongezeka, anampotezea wakati ambao az-Zahrawi angetamani kuupata. Dua na ruqya ya kisheria inasomwa njiani kuelekea hospitali, haichukui nafasi yake. Wala dawa za kifafa zisikatishwe ghafla bila ya daktari, kwa kuwa kukatisha hivyo kunaweza kuleta degedege kali zaidi.

Ibn al-Qayyim (aliyefariki mwaka 751 H/1350), katika Tuhfatul Maudud, ametoa nasaha ambayo wazazi wa watoto hawa wataipenda. Ametahadharisha mtoto asisimamishwe na kulazimishwa kutembea kabla ya wakati wake, miguu isije ikapinda kwa udhaifu wake. Na kuachisha ziwa ametaka kuwe kwa hatua. Kila mtoto ana wakati wake. Wa mtoto wako ukiwa umechelewa, mtaalamu wa mazoezi atakuonyesha namna ya kumsaidia afike anapoweza kufika. Usimpime kwa mtoto wa jirani.

Si kila mtoto atakuwa Ataa

Tunapozungumzia ulemavu katika historia ya Uislamu, wahadhiri wengi humtaja Ataa bin Abi Rabah (aliyefariki mwaka 114 au 115 H), nao wana haki. Alikuwa mtu mweusi, chongo, mwenye mkono uliopooza, aliyechechemea, na mwishoni akapofuka. Pamoja na hayo alikuwa mufti wa Makka, na wakati wa Hija ilitangazwa kuwa asitoe fatwa mtu mwingine ila yeye. Ni fahari kwa umma huu.

Lakini tumwambie nini mama ambaye mwanawe hatasema neno? Tukimpa kisa cha Ataa peke yake, huenda akaelewa kuwa thamani ya mtoto mlemavu ni mpaka awe mufti. Sheria haikusema hivyo. Kalamu imeinuliwa kwa mtoto mpaka abaleghe na kwa asiye na akili mpaka apate akili, kama ilivyothibiti kwa Abu Daud na Tirmidhi. Taklifu imeondoka, lakini haki hazikuondoka. Huyu hadaiwi sala wala saumu, naye anadai matumizi, ulezi, tiba na heshima. Anazaliwa akiwa mwenye kudai kwetu, na huenda akafa bila ya sisi kumdai kitu.

Sunna yenyewe imetuonyesha. Anas (r.a.) amepokea katika Sahih Muslim kuwa mwanamke mmoja, ambaye akili yake ilikuwa na kasoro, alimwambia Mtume (s.a.w.) kuwa ana haja naye. Mtume akamwachia achague njia yoyote aitakayo, kisha akaenda naye pembeni akamsikiliza mpaka akamaliza haja yake. Hakuharakishwa, wala hakuchekwa. Na ni Ataa huyu huyu aliyeonyeshwa na Ibn Abbas (r.a.) mwanamke mweusi aliyekuwa na kifafa, aliyebashiriwa Pepo kwa subira yake. Hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim. Mwanamke yule aliomba jambo moja, aombewe asifunuke nguo anapoanguka, naye akaombewa. Heshima ya mwili wa mgonjwa ni jambo lililotajwa mbele ya Mtume (s.a.w.) likapata jibu.

Ama wanaosema kuwa mtoto ni adhabu kwa mama, hao wamemzulia Mwenyezi Mungu. Qur'ani imekwisha bainisha kuwa hapana mbebaji atakayebeba mzigo wa mwengine. Na madai kuwa mtoto amebadilishwa na jini hatuyaoni katika Qur'ani wala katika Sunna sahihi. Sababu zinazojulikana ni nyingi: mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, manjano kali isiyotibiwa, homa ya uti wa mgongo, kuzaliwa kabla ya wakati, na mengine ya kimaumbile. Wala kulia kwa mama si upungufu wa imani. Mtume (s.a.w.) alipoletewa mjukuu wake roho ikimgota, macho yake yalibubujika, na alipoulizwa akaeleza kuwa hiyo ni rehema.

Yanayotupasa

Waheshimiwa maimamu, tunarudi kwa yule mama barazani. Tumemwona Sayyidna Umar akibadilisha kanuni baada ya sala ya Alfajiri. Nasi tuna mambo yaliyo ndani ya uwezo wetu.

La kwanza ni mlango wa msikiti. Mtume (s.a.w.) alikuwa akikusudia kurefusha sala, akisikia kilio cha mtoto akaifupisha kwa kumhurumia mama yake. Na alisalisha watu huku amembeba mjukuu wake Umama bint Zainab, akimweka chini anaposujudu na kumbeba anaposimama. Zote mbili zimo katika Bukhari na Muslim. Mtoto anayetoa sauti asizozidhibiti asifanywe sababu ya mama yake kufukuzwa safuni.

La pili ni kuwafundisha walezi ruhusa zao. Mwenye kunyonyesha akimhofia mtoto ana ruhusa ya kufungua Ramadhani. Kwa Mashafi atalipa na kutoa fidia ikiwa hofu yake ni kwa mtoto peke yake. Anayemuuguza mgonjwa asiye na mwangalizi mwingine ana udhuru wa kuacha jamaa na hata Ijumaa. Ibn Umar (r.a.) aliambiwa siku ya Ijumaa kuwa Said bin Zaid (r.a.) anaumwa, akampanda mnyama akamwendea na kuiacha Ijumaa, kama ilivyo katika Bukhari. Baba aliyebaki hospitali na mwanawe saa ya khutba asihesabiwe mtoro.

La tatu ni kumfuata baba. Imamu aliyefungisha ndoa asione haya kwenda, pamoja na wazee wawili wa mtaa, kumkumbusha kuwa tiba ya mwanawe ni juu yake. Mara nyingi kilichomkimbiza ni aibu na hofu, naye akikaa na mtu wa kumsikiliza hurudi. Asiporudi, njia ya kadhi tumekwisha itaja.

La nne ni mali. Baba akiwa na uwezo akazuia, abanwe kwanza, kwa kuwa kwa Mashafi mtoto aliyetoshelezwa na matumizi ya mzazi wake hahesabiwi fukara wa Zaka. Baba akiwa fukara, zaka na sadaka zina mahali pake hapo. Na wenye nyumba na maduka ya kuweka wakfu wakumbushwe kuwa si kila wakfu uwe wa kujenga mnara. Chumba kimoja cha kupangisha, kodi yake ikilipia dawa za watoto wawili, ni wakfu.

La tano ni mikono. Katika kila jamaa ya msikiti wapo akina mama na vijana wanaoweza kumpokea mtoto kwa saa chache kwa wiki. Makhalifa walilipa watumishi kwa kazi hiyo. Sisi tunaweza kuifanya kwa zamu.

Na wewe mama, na wewe baba uliyebaki, tunakukumbusha hadithi moja iliyo katika Sahih Muslim. Njiani kuelekea Hija, mwanamke alimnyanyua mtoto mdogo akamuuliza Mtume (s.a.w.) kama huyu naye ana Hija. Akajibiwa kuwa anayo, na kwamba mama naye ana ujira. Mtoto hakutembea mwenyewe katika Hija ile, hakutia nia wala hakujua yuko wapi. Alibebwa tu, na aliyembeba akaandikiwa.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awaponye watoto wetu, awape nguvu wanaowabeba, na azilainishe nyoyo za waliowakimbia. Amin. Wallahu aalam.